Sahani Iliyokaa Chini ya Sinki

Nowethu Sibhozo hakuwa mwanamke wa kupaza sauti. Ninalisema hilo mapema, maana siku hizi kila anayesimulia habari zake anamfanya simba, na simba hakuwa. Alikuwa mtu wa kuitika. Ukimwita anaitika, ukimtuma anakwenda, ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Pale Mabheleni, lokesheni, yaani mtaa waliotengewa Waafrika, nje ya mji wa Komani, tulimwita MaMpinga kwa jina la ukoo wa baba yake, kwa sababu kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa ukoo aliotoka, si kwa ule alioingia.

Kitu kimoja tu ndicho alichokionea wivu: blauzi yake nyekundu. Kila Alhamisi mchana, siku ambayo wafanyakazi wa majumbani hupewa mapumziko, kina mama wa kanisa letu hukutana kusali. Huvaa blauzi nyekundu yenye kola nyeupe, sketi nyeusi na kofia nyeupe, na wakipita barabarani hata walevi hujikusanya wakakaa vizuri. Blauzi hiyo hununui dukani ukajivalia. Unawekwa kwenye majaribio, wanaichunguza ndoa yako, nyumba yako na mdomo wako, kisha ndipo unavikwa mbele ya kanisa zima. Ukishavikwa wewe ni mtu. Ukifa unazikwa nayo, na wenzako wanakuzunguka kwa nyimbo mpaka udongo ujae.

Mama yake MaMpinga hakuipata. Alikuja Alhamisi zote za maisha yake akakaa benchi la nyuma na shali yake ya kahawia, kwa kuwa mumewe alikataa katakata kufunga ndoa kanisani. Ng'ombe wa mahari aliowatoa walitosha, alisema, na mchungaji hakumsaidia kuwafuga. Siku ya maziko kina mama walikuja, lakini walisimama kando, kama watu waliopita njia. MaMpinga alikuwa msichana bado. Aliiona ile nafasi tupu kati ya jeneza la mama yake na zile blauzi nyekundu, na iliuma kuliko kifo chenyewe. Alipochumbiwa na Sibhozo wa reli, mwanamume mpole ambaye baadaye kifua kilimwondoa, sharti lake lilikuwa moja tu: kanisani kwanza, mengine baadaye. Na alipovikwa, alilala na ile blauzi imetundikwa mbele ya macho yake ili akizinduka ahakikishe ipo.

Kazi yake ilikuwa jikoni kwa Bibi Prinsloo, upande wa mji wenye miti. Aliingia pale watoto wa bibi wakitambaa, akawatumikia mpaka wakaoa, na bado bibi alimwita msichana. Kwenye kabati la vioo zilikaa sahani za maua ya buluu, za kila anayeingia kwa mlango wa mbele: jamaa, majirani, hata fundi wa simu kama ni Mzungu. Chini ya sinki, pamoja na sabuni ya mche, matambara na dawa ya mende, ilikaa sahani ya bati iliyobanduka rangi ukingoni, na kikombe chake cha bati. Hivyo vilikuwa vya MaMpinga. Mbwa alikuwa na bakuli lake kwenye baraza, na lilikuwa zuri zaidi. MaMpinga hakulisema jambo hilo kwa mtu, si kwa kuwa hakuliona, ila kwa kuwa kila mwanamke wa Mabheleni alikuwa na sahani yake ya bati chini ya sinki ya mtu. Nani atamsimulia nani?

Ikawa Pasaka ya mwaka wa sabini na saba. Tuliletewa mchungaji kijana kutoka chuoni, mwembamba, mwenye miwani, amejaa moto. Alipanda mimbarini akasema Mungu ni mweusi. Akalirudia. Alitazamia kanisa litalipuka, lakini ulisikia kikohozi kimoja tu, tena cha mtu mwenye kikohozi. Kina mama walimtazama kama unavyomtazama mkwe aliyeketi kwenye kiti kisicho chake.

Nje, MaTshawe alikuwa ameshaanza. Huyu ndiye shoga yake MaMpinga, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na kufuli.

"Mungu mweusi? Mweusi wa wapi? Wa hapa Mabheleni? Basi na yeye yuko foleni ya maji, na mbele yake kuna watu!"

"Hebu nyamaza, MaTshawe, umesimama mlangoni pa kanisa."

"Si ninauliza tu, dada. Na pasi ya kuingilia mjini anayo? Maana akikamatwa mjini usiku bila pasi, mimi siendi kumtoa."

MaMpinga hakucheka. Alikuwa amekasirika. Kijana yule alikuwa amemwonyesha kitu kwa mbali na kukificha, na yeye alikuwa anataka kukiona. Mweusi vipi? Anafanana na nani? Anakaa wapi? Alifika kazini na maswali hayo, akapiga pasi nayo, akamenya viazi nayo. Kabla hajampata kijana amuulize, gari lilikuja asubuhi moja likamchukua, na hakurudi. Kanisani hakutajwa tena. Mchungaji wetu mkuu, Mchungaji Ntlabathi, alikuwa mtu mzima wa kukaribia kustaafu, na alikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga.

Sasa, Alhamisi zetu ziko hivi. Linasomwa neno moja, kisha kina mama wanasimama kwa zamu. Kila mmoja anasema lake, kifupi, mpaka machozi yamkate, anapiga magoti, wengine wanaupiga mto wa ngozi, ambao ndio ngoma yetu, na kumwimbia. Ukikawia, au ukianza kumchomekea jirani yako maneno, mtu anaanzisha wimbo. Hapo umekwisha. Hakuna anayesema juu ya wimbo. Uwe nani, ukiimbiwa unafunga mdomo. Nimewaona wake za wakubwa wakiimbiwa katikati ya sentensi wakakaa chini uso umewaiva kwa aibu.

Alhamisi moja, baada ya yule kijana kuchukuliwa, neno lilikuwa la karamu ya mwisho, pale Bwana na wanafunzi wake wanapochovya katika chombo kimoja. Kila mtu alijua litakwenda wapi: kwa Yuda. Wanawake wawili wa kwanza walimchambua Yuda mpaka kwenye mifupa, na mmoja wao alikuwa akimtazama kabisa jirani aliyemchukulia mume. Zamu ikamfikia MaMpinga. Kawaida yake ilikuwa kusema, "Bwana ni mwema," na kukaa. Safari hii alisimama, akashika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Mimi najiuliza ni chombo gani," alisema.

Mama Mchungaji, mke wa Mchungaji Ntlabathi, ndiye mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mrefu, mkali, anayekurudisha nyumbani kwa kofia iliyokaa upande. Aliinua nyusi.

"Pale ninapofanya kazi zipo za maua, ziko kabatini. Na ipo ya bati, iko chini ya sinki. Ninyi mnaijua. Kila mmoja wenu anaijua ya kwake. Nimekula kwenye ile ya bati tangu nina nywele nyeusi. Mchungaji kijana alisema Mungu ni mweusi, nikachukia, nikasema mbona simwoni. Juzi nimemwona."

Mtu mmoja alisema, "Mh!"

"Nimeketi kwenye ngazi ya nyuma, natia mkono kwenye sahani yangu, na mkono mwingine ukaingia. Mkono kama huu. Umepasuka kwa sabuni. Nikatazama. Akaniambia, kula, mwanangu, hii ni sahani yangu, wewe umeiazima tu. Nilikula humu kabla hujazaliwa. Alikula humu mama yako. Mimi kule mbele hawanijui. Nikibisha kule wananiambia zunguka nyuma." Sauti yake haikukatika. "Kina mama, Mungu wa mbingu na nchi sahani yake ni ya bati! Imebanduka rangi! Iko chini ya sinki karibu na dawa ya mende! Na siku ile ya karamu kubwa msije mkasimama pale mkitafuta za maua. Hazitakuwepo! Tutaandaliwa za bati, na wenye za maua watatuuliza sisi zinashikwaje!"

Sijui nikueleze vipi kilichotokea. Mto wa ngozi ulipigwa mpaka ukatoa manyoya. Wanawake wazima walilala chini kifudifudi. MaTshawe, ambaye machozi yake huyaoni hata msibani kwake, alilia kwa sauti nene kama ya mwanamume, akisema, "Chini ya sinki! Jamani, chini ya sinki!" Mama Mchungaji peke yake alikaa wima, mikono mapajani, macho makavu, akitazama ukuta. MaMpinga alimwona hivyo akaogopa. Alijua amevuka mpaka.

Neno lile halikubaki kanisani. Siku chache tu, kwenye basi la alfajiri liendalo mjini, wanawake walikuwa wakisalimiana, "Jana umekula na nani?" na kujibiwa, "Na mwenye sahani." Ikawa ni mzaha, na ikawa si mzaha. Watu walianza kuosha zile sahani kwa makini. Mwingine aliweka yake juani ikauke, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Lakini aliyevuruga mambo ni nani kama si MaTshawe? Huyu aliichukua ya kwake akaipanga kwenye kabati la vioo la bibi aliyemfanyia kazi, katikati kabisa, juu ya zile za maua. Bibi alipofungua kabati mbele ya wageni alipiga ukelele kama aliyeona nyoka. MaTshawe alifukuzwa saa ileile, akatembea mpaka Mabheleni akicheka njia nzima.

"Aliniuliza nani ameweka hii takataka hapa," alimsimulia MaMpinga juu ya ukuta. "Nikamwambia, bibi, taratibu, hiyo ni ya Mungu."

"MaTshawe! Hukusema hivyo."

"Nimesema! Na nikamwambia mwenyewe anaweza kupita wakati wowote akaitaka."

"Utatuua wewe."

"Nitakufa nimeshiba, dada."

Yule bibi alimpigia simu msimamizi wa jimbo la kanisa letu, Mzungu, akitaka kujua kanisa linawafundisha nini watumishi. Msimamizi akamwita Mchungaji Ntlabathi. Na kabla ya wiki kwisha, wanaume wawili wa polisi ndani ya gari la kijivu, kama lile lililomchukua kijana, walisimama nje ya nyumba ya mchungaji, wakamuuliza kwa upole mno ni nani aliyesema Mungu ni mfanyakazi wa jikoni.

Mchungaji alimwendea MaMpinga nyumbani. Alikaa uani, kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini, chai hakuigusa.

"Mama, mimi sikuja kugombana," alisema. "Nimetumwa. Wanataka nikuvue blauzi."

MaMpinga aligeuka kutazama dirisha la chumba ilimotundikwa.

"Lakini nimekuombea. Nimewaambia huyu ni mama mtulivu, maneno yalimteleza. Alhamisi nitakuja mwenyewe. Utasimama mbele ya wenzako useme: ilikuwa mfano tu. Basi. Maneno matatu, mama. Blauzi yako inabaki, na mimi naandika kwamba yamekwisha."

"Mfano tu."

"Si ndivyo? Kwani wewe uliona mkono kweli?"

MaMpinga aliutazama mkono wake mwenyewe. MaTshawe, aliyekuwa anaanika nguo ambazo hazikuwa na maji, alichungulia juu ya ukuta.

"Mchungaji, shikamoo. Samahani, nimesikia kwa bahati mbaya. Jumapili ulituambia Bwana ni mwanakondoo. Sasa Alhamisi utatuambia na hilo ni mfano tu? Maana mimi nimeshamzoea na manyoya yake."

Uso wa mchungaji ulikuwa umechoka kweli. "Mama," alisema, "mwanakondoo hajawahi kuniletea gari la kijivu mlangoni."

Kichwa cha MaTshawe kikashuka nyuma ya ukuta. Mzee alivaa kofia yake akaondoka, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayeugua.

Zile siku zilimla MaMpinga. Maneno matatu, mtu gani atashindwa kuyasema? Aliyafanyia mazoezi akisugua vijiko vya fedha vya Bibi Prinsloo. Ilikuwa mfano tu. Yalitoka vizuri, hayakumkwama popote. Akajiona siku ya kufa kwake, ndani ya jeneza na nguo ya kawaida, na wenzake wamesimama kando kama watu waliopita njia. Hapana. Atayasema. Mungu anajua moyo wa mtu, si lazima kila kitu kisemwe mbele za watu.

Mchana akatoka na chakula chake kwenye ngazi ya nyuma. Akatia mkono kwenye sahani. Akangoja, kama anavyongoja mtu aliyezoea kula na mwenzake. Na ndipo alipoelewa anataka kufanya nini. Akisema ni mfano tu, basi sahani ile ni bati tu, iko mahali pake pamoja na dawa ya mende, na yeye ni msichana wa miaka hamsini na kitu aliyeketi kwenye ngazi. Bibi Prinsloo atakuwa amesema kweli siku zote. Hakuwa na elimu ya kueleza ni kwa namna gani kitu kinaweza kuwa mfano na kisiwe mfano tu. Alijua tu kwamba yule aliyekula naye alikuwa amekula, na kwamba huwezi kula na mtu kisha ukasema hakuwepo. Alilia pale kwenye ngazi, na chakula kikapoa, akakila hivyohivyo.

Sasa nikuambie kosa la Mchungaji Ntlabathi, maana alikuwa mwanamume mwerevu na bado alilifanya. Angeweza kumwita MaMpinga Jumapili, baada ya ibada, chumbani mwa wazee wa kanisa, wanaume sita na mlango umefungwa. Yangekwisha kwa dakika chache na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alitaka kina mama wote waone wapate somo. Akaja Alhamisi. Alhamisi si yake! Alhamisi hufunguliwa na mwenyekiti wa kina mama, hufungwa na yeye, na katikati mwenye kusema ni mwenye zamu. Aliingia akakaa kwenye meza ya mke wake bila hata kumuuliza, akaweka karatasi yake juu ya Biblia ya mke wake. Mama Mchungaji alisogea akakaa pembeni, mgongo umenyooka kama ufagio. Kanisa lilijaa, waliokuwa wagonjwa walikuja na vikohozi vyao.

"MaMpinga, simama," alisema mchungaji. "Unalo neno kwa wenzako."

Alisimama. Blauzi ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo ilikata.

"Ninalo, Mchungaji. Nisamehe. Nimejaribu sana." Aliigusa kola yake. "Siwezi kusema ni mfano tu. Ningeweza kusema sikumbuki, au naumwa, lakini hilo siwezi. Amekula na mimi miaka yote hiyo. Nikisema hivyo nitakuwa nimemfukuza mezani, na yeye hana pengine pa kwenda kule mjini. Kule mbele hawamjui."

"Mama, unajua maana yake?"

"Najua."

Na kabla hajaambiwa, alianza kufungua vifungo. Hakutaka kuvuliwa, alitaka kuvua mwenyewe. Kifungo cha pili kilimshinda, akakivuta, akakiweza. Aliitoa blauzi, akaikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, akaenda mbele akaiweka mezani. Kisha akasimama mbele ya wote na shimizi yake iliyofubaa na mabega yake matupu. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuinama. Sijawahi kuona mtu aliyevua nguo akawa amevaa vile.

Mchungaji aliinua karatasi. "Kwa mamlaka niliyopewa na kanisa—"

Kwenye benchi la nyuma bibi kizee mmoja, sauti nyembamba ya kukatika, akaanzisha wimbo.

Kanisa zima likaudaka. Mchungaji akanyamaza, angefanya nini? Akangoja mpaka ubeti wa mwisho, akasafisha koo. "Kwa mamlaka—" Wimbo mwingine, kutoka upande wa dirishani, na huu ulikuwa na beti nyingi na kila ubeti una kiitikio. Akangoja. Jasho likamtoka. Ulipokwisha alifungua mdomo tu, hata hajasema, na MaTshawe akampiga na wa tatu, ule wa mazishi, taratibu kuliko unavyoimbwa makaburini. Wanawake waliimba wakimtazama usoni kwa heshima zote, kama watoto wema. Mzee wa watu alikuwa anaimbiwa! Kwa umri wake wote hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo.

"Mama," alimwambia mke wake ulipofika mwisho, na sauti yake ilikuwa ya kusihi, "watulize wanawake wako."

Mama Mchungaji akasimama. Nyimbo zilikufa hapohapo. Yeye tulimwogopa kuliko mumewe, kuliko msimamizi, na baadhi yetu kuliko lile gari la kijivu. Alitembea mpaka mezani. Aliondoa ile karatasi juu ya Biblia yake kwa vidole viwili, kama anayeondoa mdudu, akamrudishia mwenyewe mkononi. Kisha akatugeukia.

"Siku ile huyu mama aliposema, mimi sikulia," alisema. "Mliniona. Mlisema huyu ana moyo wa jiwe, na MaTshawe alisema kwa sauti, nilisikia."

MaTshawe alitazama dari.

"Mimi nililelewa na mama wa jikoni. Alikuwa anakula nusu ya sahani yake, nusu anaifunika kwa kitambaa, anatembea nayo mpaka nyumbani. Hiyo nusu ndiyo iliyonikuza. Nilisomea ualimu kwa nusu ya sahani. Nimeolewa na mchungaji, nimevaa glavu, na sijamwambia mtu yeyote, hata huyu." Hakumtazama mumewe. "Nilikaa siku ile nikasema nikilia sitanyamaza. Kama Bwana hakuwamo katika sahani ile, basi niambieni ni nani aliyenilisha, maana nataka kumjua!"

Akaichukua ile blauzi, akaikunjua, akaikung'uta. Na akaanzisha wimbo.

Haukuwa wimbo wowote. Ulikuwa ule wa kuvikwa, ambao unaimbwa siku moja tu katika maisha ya mwanamke, anapopewa blauzi yake, na hauruhusiwi kuimbwa wakati mwingine wowote, hata kwa mazoezi. Ukiimbwa, maana yake kanisa linamvika mtu. Tulisimama wote kwa mpigo. Alimtia MaMpinga mkono wa kulia, akamtia mkono wa kushoto, akamfunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, akaikalisha kola yake, akamfuta uso kwa leso yake mwenyewe. Wakati ule mto wa ngozi ulipigwa hata vumbi likatoka kwenye mapaa. MaMpinga, yule wa kuitika, yule wa kuomba radhi akikanyagwa, alifungua mdomo akaimba sauti ambayo hatukujua anayo. Ilipanda juu ya zetu zote ikakaa huko.

Mchungaji Ntlabathi alibaki amesimama na karatasi mkononi. Nilimtazama. Midomo yake ilianza kucheza. Halafu sauti nzito ikaingia chini ya zetu, kwa woga, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Alikuwa analia.

"Nitamwambia nini msimamizi?" alimuuliza mke wake nje, baada ya mkutano kufungwa na mwenye kuufunga.

"Kwani alikutuma useme nini?"

"Kwamba amevuliwa."

"Si alivua? Watu wote waliona." Alivuta glavu zake. "Hawakukuuliza kama alivaa tena."

Tulimsindikiza MaMpinga nyumbani tukiimba, barabara nzima nyekundu kutoka ukuta hadi ukuta. Gari la kijivu lilikuwa limesimama kwenye kona. Hatukulizunguka, tuligawanyika tukalipita pande mbili, mabega yetu yakigusa vioo, na waliokuwa ndani walipandisha madirisha. MaMpinga alikuwa mbele.

Ijumaa asubuhi sauti ya MaMpinga ilikuwa imekauka kwa kuimba. Bibi Prinsloo alimwita kutoka chumbani, kama kila siku, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile hakuitikiwa. Aliita tena. Akaja mwenyewe mpaka jikoni na gauni lake la kulalia, akamkuta MaMpinga amesimama dirishani, anakunywa chai yake bila haraka.

"Nimekuita, msichana. Umepatwa na nini?"

MaMpinga alimeza funda lake kwanza. Akamtazama bibi usoni, akamjibu kwa kunong'ona, maana ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo:

"Nimevikwa, bibi. Mara ya pili."